Dabo ya Sechelela

Msalato, siku ya mnada,
mtu akitaja bei anamtaka mbuzi.
Huku kwetu, ukumbi wa nyuma wa klabu ya reli,
kila Alhamisi, meza nne, taa mbili,
mtu hutaja bei asiyotaka kuilipa,
au huiweka mezani ile kadi nyekundu
yenye mistari miwili iliyopishana,
wala hasemi anazungumza na nani.

Dabo.
Neno moja, milango miwili.
Mmoja unasema: Virani, umepanda juu mno,
shuka tukuhesabie mbavu.
Wa pili unamnong'oneza mwenzako ng'ambo ya meza:
ninacho kila kitu ila hicho walichokitaja,
sema wewe,
hata kama umegawiwa takataka, sema.

Mwaka wa kwanza sikuujua mlango wa pili.
Virani, mwenye duka la spea, alifungua kopa moja,
Sechelela akaweka nyekundu,
Mhandisi Kusenha akapita,
nami, karata kumi na tatu bila hata mzungu mmoja,
nikaona aibu kufungua kinywa.
Pasi.
Virani alikula mikono tisa huku akipiga mluzi.
Sechelela hakunigombeza. Miaka thelathini
alikuwa muuguzi Mirembe.
Alikusanya karata, akazigonga mezani zikalingana:
"Ndahani, ukiulizwa,
asiye na kitu ndiye lazima ajibu.
Mwenye nacho anaweza kunyamaza."

Mimi nimepima viwanja tangu Nkuhungu ikiwa mbigiri tupu.
Naijua bikoni iliyong'olewa usiku:
asubuhi majirani wawili wamesimama,
kila mmoja anaonyesha kwake,
na ardhi yenyewe haisemi.
Ndivyo ilivyo dabo ya mara ya pili.

Alhamisi iliyopita, upepo wa Agosti
ukisukuma vumbi chini ya mlango.
Kopa moja. Dabo. Pasi.
Nilikuwa na shupaza nne, kubwa yao tisa.
Shupaza moja, nikasema,
kama mtu anayetumbukiza sarafu kwenye kapu la sadaka
akiifunika kwa kiganja.
Virani: kopa mbili.
Sechelela: shupaza mbili.
Kusenha, ambaye hupanda ngazi bila kuitikisa kwanza:
kopa tatu.
Pasi yangu. Pasi ya Virani.
Kisha nyekundu, tena.

Kusenha akapita. Meza nzima ikaningoja.
Hili hatukuwahi kukubaliana.
Kuutazama uso wa mwenzako ni mwiko,
basi nikatazama vumbi juu ya kisanduku cha kadi,
nikawaza:
nilichonacho ameshakisikia, ni kile kile, hakijazaa.
Mtu aliyekwisha kujibiwa, akauliza tena,
pengine haulizi.
Pasi.

Ree ya pau. Mfalme wa pau.
Ree ya shupaza, mfalme wake nyuma yake.
Halafu ree ya uru, polepole,
kama anafunga mlango wa wodi wagonjwa wamelala.
Mikono mitano. Virani, moja pungufu.
Mia moja tu kwenye karatasi,
lakini Kusenha aliomba maji.

"Ulijuaje?" aliniuliza tukitoka.
"Sikujua."
Akacheka mpaka akashika ukuta.

Nje treni ya umeme ilikuwa inaingia,
madirisha yake yote yamewaka, karibu yote matupu.
Sechelela alisimama karibu na gari, ufunguo mkononi.
"Tangu wanangu wahamie Mwanza," akasema,
"nyumba ina vyumba vingi mno."
Akanyamaza.
Hakufungua gari.

Nikajihesabu haraka:
kiinua mgongo kimeishia kwenye bati,
goti la kushoto bovu,
redio moja, sufuria mbili,
mizabibu sita nyuma ya nyumba, mitatu ina ugonjwa.
Mzungu hata mmoja.

"Jumamosi nitapita," nikasema.
"Nitaleta zabibu.
Kilo moja."