Kopo la Mzee Kyungu

Alilileta Jumanne, kopo la maziwa ya unga,
akalimimina juu ya meza yangu ya mizani, Kamalondo,
polepole, kama mtu anayepima dawa kwenye kijiko.
Sarafu ishirini na tatu, nyepesi kama magamba ya samaki.
Daktari wa meno aliyemfulia mashati miaka kumi na tisa
alipanda ndege bila kumlipa mwezi wa mwisho:
"Chukua hizi, Kyungu. Ni fedha."

Nikaisogeza moja mwangani. Upande huu mtu wa porini,
uchi, ndevu hadi kitovuni, ameshika mti mzima kwa mkono.
"Mchoma makaa," akasema Kyungu, "kama hawa wa njia ya Kasenga."
Upande wa pili herufi zilizolika, na mwaka:
elfu moja mia sita ishirini na moja.

Habari zake nilikuwa nimezisoma.
Vita Ujerumani, na mtawala wa kijinchi kimoja
mwenye askari wengi kuliko mikate.
Askari hula kila siku; fedha haizai kila siku.
Basi usiku mafundi wakayeyusha sufuria za wajane,
wakaivika shaba ngozi nyembamba ya fedha,
na asubuhi mwoka mikate akapokea,
akang'ata,
akanyamaza.

Nikakwaruza kwa tupa. Mara mbili tu.
Ikatoka nyekundu.

Sikujua nimwambieje. Fedha isiyo na fedha:
hata lugha yetu inajikwaa hapo.
Lakini Kyungu aliinama, akailowesha kwa mate,
akaisugua kwenye suruali, akacheka
kicheko cha aliyekutana na shemeji yake ugenini.
"Shaba! Imevuka bahari yote hiyo
kuja kutafuta kwao."

Babu yake alitoa mahari kwa misalaba ya shaba,
mizito, ya kubebwa begani.
Ilikuwa shaba, na ilisema ni shaba,
na hakuna mkwe aliyeing'ata.

Nikazipima. Gramu ishirini, pamoja na uchafu.
Kwa bei ya shaba ya siku ile, hata yai hununui.
Nikachanganya makuta yangu humo, sikusema.
Akahesabu noti moja moja kwa kidole gumba,
akanitazama,
akanyamaza.

Mlangoni akarudi, akaomba ile niliyoikwaruza.
"Hizo nyingine yeyusha," akasema.
"Hii imeshakiri."