Na Nusu

Tumeitandaza ramani juu ya magunia ya maharagwe
dukani kwangu Kimilili, mlango nusu wazi,
pembe moja imeshikwa na jiwe la kilo mbili,
ya pili kopo la chumvi, ya tatu kiwiko cha Naibei.
Ya nne hujikunja kila lori likipita,
na ikijikunja, Wagagai hutoweka.

Vilele vitatu, nilisema tangu Januari:
Koitobos, Sudek, Wagagai,
kwa sauti ya mtu anayeagiza soda.
Naibei hakucheka. Akailamba ncha ya penseli.
"Maji ya siku ya pili utayateka wapi?"

Kumbe ndiyo kazi yenyewe.
Nilidhani kupanga safari ni kuchagua vilele;
ni kuchagua vijito, na kuuliza kipi hukauka mapema.
Mimi nahesabu kilomita, yeye anahesabu pumzi.
Naweka rula: sita tu, kutoka kambini hadi maji moto ya Suam.
"Sita za ramani," anasema.
"Ramani haijabeba sufuria."
Mistari ya kahawia imesongamana pale
hadi ikawa doa. Anaweka kidole.
"Hapa hatutazungumza."

Miaka arobaini na sita nimeishi chini ya mlima huu.
Naujua kwa mawingu: yakishuka kabla ya saa nane
naanua nguo, nafunika mahindi.
Naujua kwa takataka: maharagwe ya juu huja na vijiti,
ya chini huja na kokoto.
Nimeupima mlima gunia kwa gunia
wala sijaukanyaga kupita shamba la mwisho.
Binti yangu Nasipondi, aliposikia,
aliuliza kama goti langu nalo limeshirikishwa.

Naibei angetaka Wagagai tuiache.
Iko ng'ambo ya vidoti vya mpaka,
naye ana shangazi kila upande wa vidoti,
na yule wa kule anamdai ndama.
"Karatasi za kuvukia tutatafuta," anasema. "Ndama, sina."

Ratiba tunaiandika nyuma ya risiti.
Siku ya tano nikaandika Wagagai. Akaifuta.
Nikaiandika. Akaifuta tena, karatasi ikatoboka.
Tukaiacha hivyo. Siku ya tano ni tundu,
na ndani ya tundu unaona kijani cha msitu.

Kisha mizani.
Shanta yake tukaitundika kwenye kulabu:
hema, mtungi wa gesi, unga wa wimbi,
kamba ambayo anasema hatutaihitaji na lazima iende.
Sindano ikatikisika, ikatulia.
"Kumi na nane," nikasoma.
Naibei, macho bado kwenye ramani:
"Na nusu."

Lori likapita. Pembe ya nne ikajikunja.
Misimu mitatu aliniletea maharagwe hapa,
akasimama pale pale, akitazama sindano ile ile,
nami nikimsomea kwa sauti hii hii.
Wakati ule hakusema neno.
Sasa amesema mawili, na hayatafuti jibu.
Kule juu mgongo hausomewi.

Nikaishusha shanta yake, nikaifungua.
Nikatoa sufuria, nikatoa kopo la njugu,
nikavitia kwangu, juu ya sweta.
Tukapima upya, kimya.
Chini ya tundu nikaandika:
Naibei, kumi na sita. Mimi, kumi na nne.
Penseli ilikuwa kwake,
kwa hiyo nilitumia kalamu ya kuandikia madeni,
na mbele ya kila tarakimu, taratibu,
nikaweka nusu.

Akaigeuza risiti kuelekea kwenye mwanga,
akasoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwapo.
"Haya," akasema.
"Maji ya siku ya tatu."