Maji Yamelala Wapi

Saa nane usiku. Sechelela anaandika:
"Maji yamelala wapi?"

Mtambo unasita. "Maji hulala?"

Anacheka, chumbani yeye na feni tu.
"Ndiyo. Yakichoka kutafuta njia."

Basi mtambo unaamsha kipima-mvua cha Mlimwa,
unauliza kina cha mtaro wa Kizota,
unaazima jicho la kamera pale reli inapokatiza barabara,
vifaa ambavyo tangu vifungwe
havijawahi kusalimiana.

"Nkuhungu. Nyumba kumi na moja.
Ya saba, mlango uko wazi."

Anaijua ya saba.
Kila mvua mama hufungua, mbuzi waingie.

Simu inaita. Inaita.

Anaandika tena, bila nukta, bila mkato:
mama amelala wapi