Muuza Miche wa Langoni

Kabla hujataja ua, nambie kisima:
maji yake matamu, au yana munyu?
Wangeci akacheka. Muuguzi mgeni, kaja juzi,
kapanga chumba cha juu kwa Bi Somoe Shee.
"Nataka pareto," akasema. "Si ya kuuza.
Ya kutazama tu, kama ya mama Ol Kalou."

Nikamchotea kata. Onja.
Akakunja uso.
Basi mizizi nayo itakunywa hayo hayo
mwezi wa pili, mvua ikishatusahau.

Nikamuuliza jua: linaingia uani saa ngapi?
Ukuta wa matumbawe unapoa magharibi
au unashika joto hadi isha?
Na punda wa jirani, shingo yake inafika wapi?
Mkomamanga wa Famau haukuuawa na ukame.

"Kwetu swali ni moja," akasema.
"Sakitu itashuka lini."
Nikamwambia arudie.
Umande ulioganda, akaeleza, mweupe,
ukiamka viazi vimeungua bila moto.
Nikaona: kumbe kila nchi na munyu wake.

Pareto aliiagiza hata hivyo.
Basi, kisha boti, kisha mkokoteni;
ikafika imelegea kama mtoto mwenye homa.
Aliitandia khanga, akaipa maji ya chupa.
Siku kumi na moja.
Sikumwambia, si nilikwambia.

Ndipo akachukua nilichompa:
asumini ya ukuta wa mashariki,
mrehani wa mlangoni,
mshubiri kwenye kopo la Kimbo, usiotaka kubembelezwa.
Na alipokwenda likizo akaomba mkilua.
Nikampa, una matumba mawili, nimeufunga gunia bichi,
nami najua.
Nani humnyima mtu kosa lake?

Simu ikaja Januari.
"Umeungua," akasema. "Usiku mmoja."
Tukanyamaza, salio likienda.
Nikasema: Haya, tumelipana.

Aliporudi aliniletea udongo wa kwao,
mweusi, kopo tele.
Sikupanda kitu. Niliuweka kizingitini.
Baada ya mvua za mwezi wa tano
limeota jani lenye meno madogo,
ukilifikicha lanuka kama mvua yenyewe.
Nalinywesha kisima kile kile; halijakunja uso.

Jina silijui. Wangeci naye halijui.
Wateja wanauliza bei.
Hilo siuzi.