Macho Mawili

Mwezi wa sita, mvua zimeaga Usoke,
nashika mkasi niliorithishwa,
mpini wake umefungwa mpira wa baiskeli,
napiga magoti mbele ya shina
nene kama paja la fahali, limejipinda,
gamba linabanduka kama rangi ya mlango wa kanisa.
Mashina kumi na saba. Yalikuwa arobaini.
Mengine mchwa waliyamaliza usiku mmoja, mwaka niliozaliwa,
ndivyo asemavyo mama,
na mama hupenda kuongeza chumvi.

"Acha macho mawili," alinifundisha Sista Gaudensia.
"Kila tawi, macho mawili. Mengine toa."
Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikauonea mti huruma.
Nikaacha manne, nikaacha matano, mkono uliogopa.
Mwaka ule tulivuna majani,
mbuzi wakanenepa,
na vichala vichache, vikali kama kwinini.
Hakunigombeza.
Alinipa punje moja nitafune, akanitazama usoni.

Baba alilima tumbaku.
Bani letu lilimeza mitundu, mininga, misasa,
hadi kwenda kuni ikawa safari ya kufungiwa chakula.
Pesa ikija, ilikaa kwetu kama mgeni mwenye haraka.
Simlaumu. Ada yangu ilitoka katika moshi ule.
Ila nimwagapo majivu ya mabani ya jirani
kuzunguka mashina, mchwa wasisogee,
husema kimoyomoyo: haya, mninga,
pitia huku.

Mwaka juzi alikuja Mihambo, kijana wa ushauri, viatu vyeupe,
akapima kwa hatua, akapiga hesabu kwenye simu:
"Ng'oeni hivi vikongwe. Pandeni miche ya kisasa,
mtavuna mara tatu."
Hesabu yake ilikuwa sawa.
Nilimwuliza tu maji ya miche tutayatoa wapi,
maana kisima chetu Agosti hutoa ndoo sita na tope.
Akachungulia kisima.
Akarudi kwenye mizabibu, haijaonja ndoo tangu Mei,
majani yake mabichi, hayana habari.
Mizizi imezama nisikojua,
inakunywa mvua iliyowalowesha watu
ambao leo ni majina tu katika daftari la ubatizo.
Aliondoka na vijiti vitano, akapande kwao Sikonge.
Viwili vimeshika.

Oktoba tunavuna gizagiza, nyigu hawajaamka.
Zabibu hatuzioshi:
ule ukungu mweupe juu ya ganda ndio chachu yenyewe,
wa hapahapa, haununuliwi.
Usiku pipa linanong'ona chini ya dari.
Nalala mlango wa pili, nalisikiliza
kama mzazi asikilizavyo kifua cha mtoto.
Makapi yanaingia shimoni na samadi, kuku wanagombea kokwa.
Chupa zinakwenda parokiani, zinarudi tupu, naziosha;
nyingine nazijua kwa mikwaruzo.
Mwaka huu lita sitini na mbili.
Mama anapewa kikombe chake, anakunja uso:
"Afadhali wanzuki," anasema,
na anamaliza.

Sista sasa ana mtoto wa jicho, yote mawili.
Bado huja baada ya kupogoa, namshika kiwiko,
anapita shina kwa shina na kidole gumba.
Moja, mbili.
Moja, mbili.
Kwenye shina la mwisho kidole kikasimama.
"Na hili la tatu?"
Nilitafuta uongo mzuri, sikuupata.
"Nimewaachia mchwa," nikasema.
Akacheka hadi akakalia ndoo,
akanyoosha mkono nimpe mkasi,
kisha akaurudisha mapajani,
mtupu.
"Acha," alisema. "Tuone."