Vidole Viwili

Uliniuliza, Ziemowit, mikono mfukoni,
theluji ya mwisho ikidondoka kutoka paa la gereji:
gari likishushwa, kuna ubaya gani?
Mimi nilikuwa chini ya trekta la padri,
grisi hadi viwikoni.
Nikakujibu kama mganga asiyelipwa: inategemea.

Inategemea unashusha kwa kitu gani.
Kuna springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo,
na shokapu za kwenda nazo, zinazojua kurudi taratibu.
Kuna pia msumeno wa umeme wa mjomba wako
na subira ya kijana wa miaka ishirini na miwili.

Jumamosi ukazikata. Mizunguko miwili kila springi,
cheche zikirukia kuni za bibi yako Apolonia.
Golf lako jekundu likakaa chini
kama kuku aliyeatamia.
Ukapima nafasi kati ya tairi na fenda:
vidole viwili! ukaniita nije nione,
vidole viwili tu!

Mimi nilihesabu vingine.
Tairi zilizolika upande wa ndani
kama soli za mtu mwenye matege.
Boli jointi zikilia kila kona ya kanisa.
Shokapu zilizogonga mwisho wake hadi zikatema mafuta.
Sampo, je? Kuna jiwe njia ya Sejny
lenye mstari mweusi mpaka leo, linakukumbuka.
Na mgongo wa bibi yako, ambaye hakusema neno,
ila alianza kwenda sokoni kwa baiskeli.

Barabara zetu si za kwenye picha.
Desemba baridi inaingia chini ya lami, inaivimbisha,
Aprili inaiacha imepasuka kama mkate.
Halafu matuta: matatu mbele ya shule,
moja mbele ya kwa diwani,
ambaye hana hata mtoto.

Siku ya harusi nilikuwa nyuma yenu,
spana mbili kwenye mkoba wa lesi.
Wewe, Bogna, na wasimamizi wawili walioshiba:
kwenye reli, gari likasujudu, likanasa.
Watu waliofunga njia mbele kwa kamba na maua,
wakidai vodka ndipo mpite, kama ilivyo ada,
wakaiacha kamba, wakaja wanaume sita,
wakashika fenda,
wakaliinua na bibi harusi ndani yake.
Polepole, Apolonia akafoka, hilo si jeneza!
Bogna akacheka hadi wanja ukamfika kidevuni.
Nami nikasema moyoni: leo kajifunza.

Jumatatu ukaja. Nikaanza kutafuta springi ndefu za zamani.
Ukasema, Kazimiera, zile fupi za kweli ni bei gani?

Nikakunyang'anya ufunguo kwa hasira.
Usiku ule nikaliendesha kwenye lami mpya kando ya ziwa,
nikitafuta kosa la kukutajia asubuhi.
Kona ya kwanza gari halikuinama.
Ya pili nikaongeza mafuta.
Nilikaa karibu na ardhi kiasi kwamba
changarawe nilizisikia moja moja,
na mimi nina miaka sitini na moja,
na tangu Lucjan afe
hakuna kitu kilichonisogelea hivyo.

Basi jibu ni lilelile. Lina ubaya.
Linakula tairi, linakula jointi, linakula akiba ya mtoto
ambaye bado hamjampata.
Springi zimefika Alhamisi. Njoo na Bogna,
na ule msumeno uuache kwa mjomba.

Vile vipande ulivyokata nimevitupa, isipokuwa kimoja.
Kiko dirishani, juu ya glasi ya maji,
kimeshikilia kitunguu.
Kitunguu kimechipua.