Usiku wa Saba, Oulu

Taimi, wiki nzima nimekuita "huyu".
Huyu kaamka. Huyu ana njaa. Huyu analilia nini tena?
Wenzangu kiwandani waliniapia: ukimwona tu, moyo utafurika.
Nilikuona. Nikaona masikio mekundu,
kitovu kilichobanwa kama mfuko wa unga.
Mgeni siku mbili, husemwa, ya tatu mpe jembe;
wewe ya tatu ulitukabidhi jembe sisi.

Saa tisa usiku. Mamako kalala na viatu.
Nje greda linakwangua theluji,
taa yake ya manjano inazunguka ukutani,
nawe ndani ya boksi la kadibodi tulilopewa na serikali
unanyamaza ghafla, kama unayehesabu.

Nikakutia kifuani, ndani ya shati.
Ukapiga chafya.
Ukashtushwa na chafya yako mwenyewe,
ukanikazia macho kana kwamba ni mimi.

"Samahani, Taimi," nikasema.
Mara ya kwanza kukuita.

Greda limeshapita. Kahawa imepoa.
Mkono wangu umekufa ganzi hadi begani
na sithubutu kuusogeza.